Pilipili mbuzi isiyowasha: nimeilima Uyole msimu wa tatu, njooni tuongee mapishi

Mwana wa Uyole – 2 Machi

Wakuu, salaam. Mara ya mwisho kufungua uzi humu nilikuwa nauliza kwa nini kuku wangu wanakula mayai yao, mkanicheka siku tatu. Leo sina swali, nina kitu.

Waliokulia huku Nyanda za Juu Kusini hii wanaijua. Mama akishaunga maharage, anachukua pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake, anaiweka juu ya mchuzi ielee. Kisha anatangaza nyumba nzima: asikoroge mtu. Ile mbuzi inatokota taratibu, harufu inashuka kwenye maharage, moto unabaki ndani ya ngozi. Ole wake atakayeipasua kwa upawa. Siku hiyo watoto mnakula ugali kwa chumvi, mama anauliza "nani kapasua mbuzi?" na hakuna anayejibu.

Nimekua nikidhani mama anapenda pilipili ila anatuonea huruma sisi wadogo. Kumbe yeye mwenyewe pilipili hali. Alichokuwa anakitafuta ni ile harufu tu, na moto ndiyo ilikuwa bei yake.

Sasa wakuu, ipo pilipili yenye ile harufu bila ule moto. Ukiiona kwa macho utasema ni mbuzi: fupi, imebonyea huku na huku, inaanza kijani inaishia nyekundu, nyingine zinaishia chungwa. Ukiikata, chumba kizima kinanukia mbuzi. Ukiitafuna, tamu. Utabaki umekunja uso unasubiri moto, na moto hauji.

Asili yake ni upande wa Karibi na kaskazini ya Amerika Kusini. Venezuela wanaiita ají dulce, yaani pilipili tamu. Jamhuri ya Dominika ni ají gustoso. Cuba ni ají cachucha, na cachucha ni kofia. Kweli imekaa kama kofia iliyokaliwa na abiria kwenye daladala. Ni ndugu wa damu wa mbuzi yetu, zote ni Capsicum chinense. Hilo jina lenyewe ni mkanganyiko wa mzee Nikolaus Joseph von Jacquin, aliyeliandika mwaka 1776 akiamini pilipili hii imetoka China. Pilipili zote hizi, kuanzia hoho mpaka kichaa, kwao ni Amerika.

Mbegu nilizipata Dar. Nilienda msibani Mbezi kwa shemeji, jirani yake mmoja mama mtu mzima akaleta sufuria ya wali. Nilikula nikasahau msiba. Nikamuuliza, mama umeweka nini humu? Akanipeleka uani kwake, ndoo za rangi tano zimepangwa ukutani. Alisoma Cuba enzi hizo, tangu arudi hajaacha kuiotesha. Akanichumia saba, nikazifunga kwenye leso mpaka Mbeya.

Picha nitaweka, leo mtandao wa huku unasuasua. Uzi tayari.

Ngosha 88 – 2 Machi

Pilipili isiyowasha si ni hoho tu mkuu? Tusizungushane.

Nyota Njema – 2 Machi

Nimeweka kambi hapa, nasubiri picha.

Pwani Damu – 2 Machi

Pilipili isiyowasha ni sawa na karata bila jokeri. Huku kwetu Tanga pilipili tunaipenda ituambie ukweli. Lakini hilo la kuelea mzima mzima hata sisi tunalo, bibi alikuwa anaiweka juu ya samaki wa nazi. Kwa hiyo siwezi kukubishia sana, nitakubishia kidogo.

Mwana wa Uyole – 2 Machi

Ngosha, ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa kila mahali. Hoho ni jamii nyingine, Capsicum annuum. Nyama yake nene, ina maji mengi, na harufu yake ni ya majani mabichi. Hii nyama yake ni nyembamba kama karatasi ya khaki, maji karibu hakuna, na harufu yake ina kitu cha tunda, karibu na embe dodo lililoiva, na nyuma yake moshi kidogo. Fumba macho, mtu akukatie moja moja chini ya pua. Hutakosea hata mara moja.

Kwa wanaopenda namba: ukali wa pilipili unapimwa kwa kipimo alichoanzisha Wilbur Scoville mwaka 1912. Alikuwa anaizimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasiuhisi tena ukali. Ndugu za mbuzi zile kali zinacheza kati ya 100,000 na 350,000. Hii yangu iko kati ya sifuri na 1,000 hivi, na hiyo 1,000 wengi hawaihisi.

Bibi Chungu – 3 Machi

Wajukuu zangu, nimesoma. Mimi niko Tukuyu, nimepika miaka mingi kuliko umri wa wengi humu. Hilo la pilipili kuelea ni kweli tupu, na hata mimi nimewahi kumchapa mtu kwa sababu ya upawa.

Mjukuu, mimi nina maswali ya jikoni, hayo ya Wacuba waachie wenyewe. Ukiitia kwenye mafuta inafanyaje? Harufu inabaki mpaka chakula kinapoiva, au inapanda na mvuke jirani ndiye anafaidi? Na inaendaje na ndizi? Usinijibu kwa sifa, nijibu kwa sufuria.

Mwana wa Uyole – 3 Machi

Shikamoo bibi. Najibu kwa sufuria.

Maharage kwanza, yale ya njano, yameshachemka yakalainika. Jiko la mkaa, moto mdogo. Mafuta vijiko vitatu vya chakula, kitunguu maji kimoja. Kikilainika, kabla hakijawa kahawia, tia pilipili sita au saba ulizozikata nyembamba. Mbegu natoa kwa sababu zinakwama kwenye meno. Ule utando mweupe wa ndani naacha, kwenye hii hauna madhara.

Halafu usikimbilie nyanya. Hapa ndipo mimi niliharibu mwaka mzima wa kwanza. Nyanya ikishaingia inaleta maji, na harufu hii inataka mafuta. Iache dakika nne tano na kitunguu chake, ukikoroga kwa mwiko bila haraka. Kama ni zile nyekundu utaona mafuta yanageuka rangi ya chungwa pembeni mwa sufuria. Na jirani atakohoa kwa mazoea, ameshasikia mbuzi ikikaangwa, kifua chake hakijui kwamba hii ni nyingine. Mke wangu alifungua madirisha mara tatu kabla hajazoea.

Ndipo nyanya, chumvi, kisha maharage na supu yake. Zikibaki dakika tano kuepua, dondosha mbili mbichi zilizokatwa, funika. Uko sahihi bibi, harufu inapanda na mvuke. Zile za mwanzo zimeacha ladha kwenye mafuta, hizi mbili ndizo zinakurudishia harufu mezani.

Ndizi: kwenye mbalaga ya nyama inakaa vizuri kupita kila kitu nilichojaribu, lakini hapo siikaangi. Naweka kumi nzima, nimezitoboa kwa uma, zinaiva pamoja na ndizi na nyama mpaka zinalegea. Mtu anaikuta kwenye sahani anaila kama mboga.

Wali: kaanga kama kwenye maharage, kisha mchele wa Usangu, kisha maji. Kwenye mchele wa Kyela sishauri. Mchele ule una harufu yake, ukiweka hii unagombanisha wawili ambao kila mmoja angeshinda peke yake.

Mchele wa Kyela – 3 Machi

Umetaja jina langu nikaamka. Naunga mkono hoja, mchele wetu usiguswe. Lakini kuhusu samaki hujasema kitu mkuu, na huku sisi ni watu wa Ziwa Nyasa. Usipa wabichi? Mbasa?

Mwana wa Uyole – 3 Machi

Usipa nimejaribu waliokauka tu. Waoshe, wakaange wakauke kabisa, watoe. Kwenye mafuta yaleyale kitunguu na pilipili nane, limao mwishoni, warudishe dakika moja. Ile harufu ya dagaa inayokaa kwenye pazia siku mbili, inapungua sana. Mbasa bado sijamgusa. Wewe uko ziwani, wewe ndiye utatuambia.

Shangazi wa Makambako – 4 Machi

Mimi kazi yangu ni mama ntilie, napika sahani themanini kwa siku stendi. Wateja wangu nusu wanataka pilipili, nusu hawataki kuisikia, na wote wanataka maharage yanukie. Sasa siwezi kukaa nakata pilipili saba saba kila sufuria. Hakuna njia ya mkato?

Mwana wa Uyole – 4 Machi

Ipo shangazi, na wenyewe ndivyo wanavyoitumia hasa. Puerto Rico nyumba haikai bila kiungo kibichi kilichosagwa, wanakiita sofrito. Mimi nimekichukua nikakifanya cha Mbeya: pilipili hizi bakuli moja lililojaa, vitunguu maji viwili, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, hoho moja, fungu la giligilani na vijiti vyake. Wao wanatumia jani lingine pana linaloitwa culantro, harufu yake ni binamu wa giligilani ila nzito zaidi. Saga kwa blenda na mafuta kidogo, usiweke maji. Mimi nikipata muda natwanga kwenye kinu, kinatoka kigumu kigumu na ndivyo ninavyokipenda.

Mimina kwenye trei za barafu, gandisha, hamishia kwenye mfuko. Sufuria ya familia ni vipande viwili. Sufuria yako ya stendi utajipimia mwenyewe.

Angalizo moja. Kitunguu saumu kibichi kikikaa kwenye mafuta nje ya friji ni sumu inayojitengeneza yenyewe, na haina harufu ya kukuonya. Huna friza, saga cha siku hiyo tu. Usiweke chupa kabatini.

Shangazi wa Makambako – 4 Machi

Friza ninayo ya juisi. Nimeelewa. Nitakutafuta pembeni.

Nyota Njema – 4 Machi

Mimi friji sina kabisa, nimepanga chumba kimoja. Nikianika juani kama pilipili kichaa?

Mwana wa Uyole – 4 Machi

Usifanye. Nilianika kilo mbili juu ya bati, siku sita. Zikatoka nyekundu za kupendeza, nikasaga, nikajaza makopo matatu, nikawaita watu. Hakuna harufu. Nimebaki na rangi. Kopo la mwisho mke wangu analitumia kupaka rangi mchuzi wa kuku.

Kwako wewe chumba kimoja, siki. Zioshe, zikauke, zitoboe kila moja mara mbili. Chemsha siki na chumvi na sukari kidogo, imimine ikiwa ya moto ndani ya chupa iliyochemshwa, pilipili zizame kabisa. Wabrazili wana ndugu yao mmoja mdogo wa chinense, biquinho, maana yake kidomo, na yeye kazi yake kubwa ni kukaa kwenye siki kisha kuliwa na nyama choma. Baada ya wiki mbili hata ile siki yenyewe unainyunyiza kwenye kachumbari.

Kamwene – 6 Machi

Kamwene wote. Nimeuona uzi huu nikacheka peke yangu. Mleta uzi, unanikumbuka? Mwaka jana tulikutana stendi Ipogolo ukanipa mbegu kwenye karatasi ya daftari. Nikaotesha, miche minane ikashika, nikaitunza kama watoto. Mwezi uliopita mke wangu akachuma akakata kwenye kachumbari ya wageni, bakuli zima, kwa imani kwamba "hii ya Mbeya haiwashi".

Mkuu, baba mkwe wangu alitoka nje akakaa kwenye ngazi na kikombe cha maziwa, hakusema neno mpaka jioni. Uliniuzia mbuzi kwenye gunia la kondoo.

Pwani Damu – 6 Machi

HATIMAYE UKWELI UMEJITOKEZA. Mbuzi ni mbuzi.

Ngosha 88 – 6 Machi

Pole kwa mzee. Maziwa alifanya vizuri, maji yangemuongezea, ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta na siyo kwenye maji.

Mleta uzi jitokeze ujibu shutuma.

Mwana wa Uyole – 6 Machi

Kamwene, naomba radhi kwako na kwa mzee wetu. Kosa ni langu na nilishaligundua nikiwa nimeshagawa. Msimu wa kwanza nilipanda kama mita kumi kutoka kwenye tuta la mbuzi kali la jirani. Sikujua. Kati ya miche yako minane, ni mingapi iliwasha?

Kamwene – 6 Machi

Miwili. Lakini bakuli lilikuwa moja.

Fundi Kitalu – 7 Machi

Hapa niingie, maana naona watu watatoka na elimu nusu.

Pilipili inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki wakipita wanachanganya, na hizi zote mbili ni chinense, hazikataani. Sasa sikilizeni vizuri: jirani akipanda mbuzi kali, matunda yako ya msimu huu hayatawasha. Tunda ni la mama. Ukali unatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, na utando ule ni mwili wa mche wako wewe. Baba yuko ndani ya mbegu tu. Utamjua mwakani, ukishazipanda. Na kwenye pilipili ukali ndio wenye nguvu: mkali akikutana na mpole, mtoto anawasha.

Kwa hiyo mche wote ama unawasha ama hauwashi. Matunda ya mche mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Onja tunda moja kwa kila mche, basi. Kata ncha kwanza, gusa kwa ulimi. Kimya? Sogea kwenye utando. Kimya? Funga uzi mweupe kwenye shina, mche huo ni salama kwa baba mkwe.

Ngosha 88 – 7 Machi

Nimekuwa nikiambiwa tangu utoto kwamba hoho ikikaa karibu na pilipili kali inaambukizwa. Leo nimepata jibu kwenye uzi wa mtu wa kuku wanaokula mayai.

Nyota Njema – 7 Machi

Na kama nataka mbegu safi na jirani yangu hataki kung'oa mbuzi zake?

Mwana wa Uyole – 7 Machi

Ndiyo ninachofanya sasa. Nilikata chandarua cha zamani vipande vya ukubwa wa kiganja, mke wangu akavishona vifuko. Jioni napita kwenye miche niliyoionja, natafuta maua yaliyovimba ambayo hayajafunguka, meupe kwa mbali kama punje ya mchele. Navisha kitawi, nafunga kwa uzi mwekundu chini, nyuki asipite. Asubuhi nakitikisa kwa kidole mara mbili tatu ili poleni idondoke yenyewe kwa yenyewe. Baada ya wiki hivi, ukiona kijitunda kimeshika ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, toa kifuko lakini uzi mwekundu uache. Matunda yenye uzi mwekundu hayaendi jikoni hata aje nani. Yanaiva mpaka yanaanza kunyauka juu ya mti, ndipo natoa mbegu.

Kati ya vifuko kumi, sita vinashika. Siyo kazi ya kutisha, ila majirani wanadhani nafanya mambo.

Ile miche miwili usiing'oe Kamwene. Peleka sokoni kama mbuzi ya kawaida, mimi yangu ndiko ilikoenda.

Bibi Chungu – 9 Machi

Kitunguu umekiona kikiwa bado hakijawa kahawia, vizuri, nimekuamini. Sasa hizo pilipili nitazipataje mimi niliyeko Tukuyu?

Mwana wa Uyole – 9 Machi

Bibi, kesho asubuhi nampa kondakta wa kosta ya Tukuyu kifurushi. Nitakutumia namba ya gari pembeni. Zimo thelathini, nyekundu na kijani. Kijani ina harufu kali zaidi na utamu mdogo, nyekundu kinyume chake.

Mkeka wa Soweto – 10 Machi

Tuongee hela mkuu. Inauzika?

Mwana wa Uyole – 10 Machi

Swali zuri na jibu lake linaniumiza.

Mwaka juzi nilipeleka ndoo mbili Mwanjelwa, nikapanga mafungu ya mia tano pembeni ya mama mmoja wa nyanya. Yaliisha kabla ya saa sita, nikatamba. Siku ya pili akaja dada mmoja mbele ya watu, ameshika fungu langu: "Kaka, umeniuzia mbuzi mfu." Wakaja wengine wawili. Kwao ilikuwa ni mbuzi feki, na mtu anayetaka pilipili akikosa pilipili anakasirika kwa haki. Nikimwambia ni kwa ajili ya harufu ananiangalia kama namuuzia upepo.

Nilichojifunza ni kutoipanga kwenye mafungu ya pilipili kabisa. Sasa nawauzia mama ntilie sita na hoteli moja ndogo, kwa sado, na kila mmoja niliingia jikoni kwake nikaunga sufuria moja ya maharage mbele yake. Harufu ikishapanda sina haja ya kueleza. Kwa sasa siyo zao la kuacha viazi. Ni la miche arobaini pembeni mwa viazi.

Mkeka wa Soweto – 10 Machi

Na mbegu? Ungeuza mbegu mtandaoni ungepiga hela.

Fundi Kitalu – 10 Machi

Taratibu hapo. Kufanya biashara ya mbegu bila kupita TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ni kosa kisheria, na mtu atakayekuletea kutoka nje ya nchi anatakiwa kupitia kibali cha afya ya mimea. Alichofanya mleta uzi kumpa rafiki mbegu kwenye karatasi ni jambo moja, kuifungia pakiti na kubandika bei ni jambo lingine.

Na kwa wanaotaka kuotesha, ninayoyajua kwa hizi chinense ni haya. Ni polepole. Hoho inachomoza ndani ya siku kumi hivi, hizi wiki mbili mpaka nne, na watu wanazimwaga wakidhani zimekufa. Zinataka udongo wa joto, nyuzi 25 mpaka 30, kwa hiyo trei ikae jikoni karibu na jiko, siyo kwenye veranda ya Uyole mwezi wa sita. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi mche unasimama tu unakuangalia, na maua yanadondoka. Anayeanza kitalu Mbeya aanze Agosti au Septemba ndani ya nyumba, apandikize mvua zikianza. Mbolea ya kuku iwe imeoza kabisa. Ukimwaga urea kama kwenye mahindi utapata mti mzuri sana wa majani.

Mwana wa Uyole – 10 Machi

Naongezea: hii siyo ya msimu mmoja. Mwezi wa sita naikata mpaka magoti, naweka matandazo, usiku wa baridi kali nafunika na viroba. Zinazopona zinachipua Septemba na kuzaa mapema kuliko miche mipya. Nina mmoja uko kwenye mwaka wake wa tatu, shina limekuwa kama la mti.

Mchele wa Kyela – 11 Machi

Kyela tuko mita kama 500 tu juu ya bahari, wewe uko karibu 1,800. Joto kwetu siyo la kutafuta. Nipe mbegu zenye uzi mwekundu, nitakuja na majibu ya mbasa.

Fundi Kitalu – 11 Machi

Joto unalo, lakini maji yasisimame kwenye mizizi. Panda kwenye ndoo au tuta la juu.

Bibi Chungu – 12 Machi

Kifurushi kimefika, kondakta alikuwa mwaminifu. Nimezinusa zote moja moja. Nitapika Jumamosi mjukuu wangu wa kike akija.

Vidonda Sugu – 15 Machi

Samahani, mimi nina vidonda vya tumbo na nimekatazwa pilipili. Hii naruhusiwa?

Mwana wa Uyole – 15 Machi

Ndugu, mimi ni mkulima. Karibu haina kile kinachowasha, hilo naweza kukuhakikishia kwa miche niliyoionja. Tumbo lako mpelekee daktari wako, na ubebe moja mkononi umwonyeshe, maana ukimwambia "pilipili mbuzi" kwa mdomo atakufukuza.

Mchele wa Kyela – 24 Agosti

Nafufua uzi. Mvua za Aprili zilinifagia miche minne niliyopanda chini, Fundi alisema sikusikia. Iliyobaki mitano ipo kwenye ndoo, na wakuu, joto la Kyela inalipenda. Nilichuma ya kwanza mwezi uliopita na mpaka leo sijamaliza, kila mti una makumi. Nimeonja mche kwa mche, yote mitano kimya.

Sasa mbasa. Nilimkata vipande, chumvi na limao nusu saa. Nikakaanga kidogo tu, ngozi ishike. Kitunguu, pilipili kumi, dakika tano kwenye mafuta kama ulivyoelekeza, nyanya moja, maji kikombe. Nikamrudisha samaki, nikafunika, moto mdogo. Mwishoni mbili mbichi. Sikuweka nazi, sikuweka binzari, sikuweka kitu kingine. Mama yangu alikula kichwa mpaka mifupa ikawa meupe, halafu akanidai kingine.

Na wali? Nikapika mchele wetu, mtupu, pembeni. Nawaheshimu wote wawili.

Kamwene – 24 Agosti

Hapa Iringa nimebaki na ile sita mipole. Baba mkwe bado anaonja kachumbari kwa ncha ya kisu kwanza.

Shangazi wa Makambako – 25 Agosti

Vipande vitatu vya barafu kwa sufuria yangu ya lita ishirini havitoshi, nane ndiyo inanukia. Wateja wananiuliza nimebadilisha duka la maharage.

Pwani Damu – 25 Agosti

Sawa, nimeshindwa. Nani anakuja Tanga? Nahitaji mbegu tano tu, na msimwambie mtu.

Ngosha 88 – 25 Agosti

Bibi Chungu alipika Jumamosi ya mwezi wa tatu, hakurudi kutuambia. Bibi upo?

Bibi Chungu – 27 Agosti

Nipo, simu ilikuwa kwa fundi.

Nilipika maharage. Niliweka moja nzima juu, ielee, kwa mkono uliozoea, na nyingine nikazikaanga kama alivyosema kijana wa Uyole. Nikatoka kuanua nguo. Kurudi, mjukuu amekoroga sufuria nzima na upawa, ile ya juu imepasuka, mbegu zinaogelea. Amesimama ameziba mdomo, ananiangalia.

Nikamwambia akae, tule.